Fadhila za Makampuni na Serikali za Wanafunzi

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa mjini Dodoma, vyumba vya kupanga katika mitaa ya Ipagala hujaa vijana wenye mabegi, magodoro na ndoo mpya. Muda si muda, matangazo ya sherehe za kuwakaribisha wanafunzi wapya huanza kubandikwa ukutani. Anayeyasoma kwa makini ataona jambo moja la ajabu: jina la chuo limeandikwa kwa herufi ndogo, jina la serikali ya wanafunzi kwa herufi ndogo zaidi, na jina la kampuni iliyotoa fedha limeandikwa kwa herufi ambazo hata mpita njia aliye ng'ambo ya barabara hawezi kukosa kuzisoma.

Huenda wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wakauliza jambo hili linawahusu nini. Linawahusu sana. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na wapo vijana wengi wa Visiwani wanaovuka bahari na kusafiri hadi uwanda wa kati kutafuta elimu. Mzazi aliyeuza karafuu zake ili mwanawe asome anayo haki ya kujua ni nani anayempokea mtoto huyo langoni, na anampokea kwa madhumuni gani. Nao wakuu wa serikali, ambao ofisi zao sasa ziko Dodoma, hawana udhuru wa kusema kwamba mambo haya yanatendeka mbali na macho yao.

Tuanze kwa kukiri ukweli. Serikali za wanafunzi haziombi fedha kwa makampuni kwa sababu ya ulafi. Zinaomba kwa sababu hazina kitu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 katika eneo la Chimwaga, ambako Chama kilikuwa kikifanyia mikutano yake mikuu, kilikusudiwa kuchukua wanafunzi 40,000. Wingi wa wanafunzi ni heri kwa taifa, lakini pia ni gharama. Mashindano ya michezo, mdahalo, wiki ya kuwapokea wageni na mahafali ya kuagana, yote yanahitaji vipaza sauti, viti, maji na magari. Mchango mdogo ambao mwanafunzi hutoa kwa ajili ya umoja wake hulipwa pamoja na ada, na mara nyingi viongozi wake hulazimika kuusubiri hadi shughuli yenyewe imepita.

Wala hatuna budi kukumbuka tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 benki zilitaifishwa, na hapakuwa na mfanyabiashara wa kwenda Mlimani kubandika mabango. Mwanafunzi alisomeshwa kwa fedha za umma, na sherehe zake zilitegemea mfuko huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ikaingia katika utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za elimu ya juu. Katika miaka hiyo hiyo benki za watu binafsi ziliruhusiwa, na makampuni ya simu za mkononi yakafuatia. Hivyo upande mmoja walikuwapo vijana wasiokuwa na fedha, na upande wa pili walikuwapo wafanyabiashara wanaotafuta vijana. Haikuwa ajabu wakakutana.

Kukutana si kosa. Ligi Kuu ya kandanda ya Tanzania Bara imekuwa ikichezwa kwa udhamini wa benki tangu mwaka 2021, na kabla ya hapo ilibeba jina la kampuni ya simu kwa miaka mingi. Hatujasikia kwamba goli limekataliwa kwa sababu hiyo. Lakini chama cha mpira kinaendesha mchezo, ilhali serikali ya wanafunzi, kama jina lake linavyoeleza, ni chombo cha uwakilishi. Hapo ndipo tofauti ilipo, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Hatari ya kwanza ni ya ulimi. Mwanafunzi mwenye mkopo hupokea fedha zake za kujikimu, zile wanazoziita "bumu", kupitia benki. Hununua vifurushi vya simu kila siku. Hula katika migahawa ambayo imepewa zabuni. Fedha hizo zikichelewa, makato yakizidi, au chakula kikiwa kibovu, ni nani atakayekwenda kumsemea? Ni rais wake na mawaziri wake. Sasa tujiulize: kiongozi aliyevaa fulana ya benki jukwaani siku ya Jumamosi, akaishukuru mara tatu mbele ya wenzake, atakwenda na uso gani kuilalamikia siku ya Jumatatu? Wahenga walisema mla cha mwenzie na chake huliwa. Kinacholiwa hapa si cha kiongozi peke yake. Ni sauti ya maelfu waliompigia kura.

Hatari ya pili ni kuuza kisichokuwa mali ya muuzaji. Kampuni haitoi fedha kwa ajili ya thawabu. Inanunua kitu. Inanunua lango la chuo, macho ya vijana, na zaidi ya yote, majina yao na namba zao za simu. Mwanafunzi mgeni anaambiwa ajiandikishe ili apate fulana. Kesho yake simu yake inaanza kupokea ujumbe wa biashara usiokwisha. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika mwaka 2023. Msingi wake ni rahisi kueleweka: taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, na mwenyewe aelezwe. Kiongozi wa wanafunzi anayekabidhi orodha ya wenzake kwa kampuni ili apate mahema na muziki ametoa sadaka ya mali ya watu.

Hatari ya tatu ni ya hesabu. Uongozi wa wanafunzi hudumu kwa muda mfupi, kwa kawaida mwaka mmoja, lakini madeni hayahitimu pamoja na waliokopa. Tuchukue mfano. Kampuni inaahidi shilingi 10,000,000 kwa ajili ya sherehe. Inatoa nusu kwanza, na nusu nyingine inasema italipa baada ya kuona picha za mabango yake. Viongozi, kwa kuiamini ahadi hiyo, wanakodi vyombo, wanaagiza chakula na kuchapisha fulana kwa mkopo. Sherehe inapita. Kampuni inadai kwamba mabango hayakuwekwa mahali palipokubaliwa. Anayebaki akilia ni mama lishe wa mtaani, aliyepika kwa fedha alizokopa katika kikundi chake cha kuweka na kukopa, na sasa hajui amdai nani, kwa kuwa uongozi uliomtuma umekwishaondoka. Mama huyo hakutia saini mkataba wowote, lakini yeye ndiye mdhamini wa kweli wa sherehe ile.

Hatari ya nne inawagusa hasa wasomaji wetu wa Visiwani. Si kila biashara inafaa kusimama katika uwanja wa elimu. Yako makampuni ya pombe, na siku hizi yako makampuni ya kubashiri matokeo ya mpira, ambayo yangependa sana kuwa karibu na kijana aliyepokea fedha zake jana. Biashara hizo zina leseni. Hatubishani na leseni. Lakini sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wote ikipambwa kwa chupa na karata za kamari, kuna wanafunzi ambao tayari wamekwisha kuambiwa kwamba hawakualikwa. Kijana wa Wete au Makunduchi, na vivyo hivyo kijana wa Kondoa au wa Kongwa aliyelelewa katika maadili ya dini yake, atabaki chumbani. Je, huo ni ukaribisho gani unaowafungia wageni mlango?

Tunajua wapo watakaosema: bila makampuni hapatakuwa na shughuli yoyote. Hoja hiyo haina nguvu kama inavyodhaniwa. Tufanye hesabu. Wanafunzi 3,000, kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa muhula, wanapata shilingi 6,000,000. Kiasi hicho hakitoshi kumleta msanii mwenye jina kubwa kutoka Dar es Salaam, lakini kinatosha kuandaa usiku wa heshima. Dodoma ni nchi ya Wagogo, watu wenye zeze, marimba na nyimbo za sauti nyingi ambazo wageni husafiri kutoka mbali kuja kuzisikiliza. Vijana wa Visiwani wanaijua taarabu tangu utotoni. Vijana wa Kanda ya Ziwa wana ngoma zao. Usiku mmoja wa namna hiyo ungewafundisha wanafunzi maana ya Muungano kuliko hotuba kumi, na usingemtia mtu yeyote deni.

Neno letu halikamiliki bila kuwageukia wakuu. Imekuwa desturi kumchagua mgeni rasmi wa shughuli za wanafunzi si kwa hekima yake bali kwa uzito wa bahasha yake. Mwanasiasa au mkuu wa shirika anayetoa fedha jukwaani, huku akipigiwa makofi, hana tofauti na kampuni iliyotundika bango. Tena afadhali bango, maana halitarudi kuomba kura. Kama wakuu wanawapenda vijana, wahakikishe kwamba mchango wa wanafunzi unaokusanywa pamoja na ada unafikishwa kwa vyombo vyao mapema, mwanzoni mwa muhula. Hiyo ni haki yao, si fadhila.

Sisi tunapendekeza mambo matano. Kwanza, fedha zote za udhamini zipitie katika akaunti ya umoja wa wanafunzi chini ya uangalizi wa mhasibu wa chuo, wala zisipite mkononi mwa kiongozi yeyote. Pili, kila mkataba ubandikwe katika ubao wa matangazo kabla ya kutiwa saini, ili wanafunzi wajue kinachotolewa na kinachodaiwa. Tatu, majina na namba za wanafunzi zisiwe sehemu ya mapatano yoyote. Nne, bunge la wanafunzi lenyewe liamue ni biashara zipi hazitapokelewa, na fedha za nje zisizidi nusu ya gharama za shughuli. Tano, hesabu kamili isomwe mbele ya bunge hilo ndani ya siku thelathini, na uongozi usikabidhi madaraka kabla ya kuwalipa wote waliouhudumia.

Mambo haya si mageni. Ndiyo tunayoyadai kwa halmashauri zetu, kwa wizara zetu na kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kila mwaka. Anayepanga chumba Ipagala leo ndiye mkurugenzi, katibu au mbunge wa kesho. Akijifunza sasa kwamba uongozi ni kutafuta mfadhili na kumlipa kwa mali ya wenzake, tusishangae atakapokaa katika kiti kikubwa na kuufanya mkataba wa nchi kwa mtindo ule ule. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tuwalee vijana wetu katika hesabu safi wangali na viti vya kukodi na vipaza sauti mikononi mwao, kabla hatujawakabidhi bandari na migodi.