Waandika programu wetu wanaandikia wapi?

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, Rais Mwai Kibaki aliapishwa haraka haraka kwa muhula wa pili, na serikali ya Kenya ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Vyombo vya habari vikabanwa. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa amerudi nyumbani kupiga kura, alikuwa na blogu yake binafsi, Kenyan Pundit, na humo akaendelea kuandika aliyoyaona na aliyoletewa na wasomaji. Mwanzoni mwa Januari akawauliza wasomaji hao kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia za baada ya uchaguzi zinatokea wapi.

Walioitika nao walikuwa na mahali pao mtandaoni. Erik Hersman aliandika White African. Juliana Rotich aliandika Afromusing. David Kobia, mwandika programu aliyekuwa akiishi Marekani, aliendesha Mashada, baraza la Wakenya la mtandaoni. Baada ya siku chache tu ramani hiyo, iliyopewa jina Ushahidi, ilikuwa hewani, ikipokea taarifa kwa intaneti na kwa ujumbe wa simu. Tetemeko la ardhi lilipoikumba Haiti Januari 2010, programu hiyohiyo ilitumika huko. Na mwaka huo Hersman na wenzake wakafungua iHub, kituo cha wanateknolojia jijini Nairobi.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ushujaa wa teknolojia ya Kiafrika, na ni haki yake. Kinachorukwa ni kwamba kabla ya programu zilitangulia blogu. Watu wale hawakukutanishwa na tenda wala semina ya wafadhili. Walikuwa wakisomana, kila mmoja akijua mwenzake anawaza nini na anaweza kazi gani, na saa ya dharura ilipofika hapakuhitajika utambulisho.

Kwingineko waandika programu wameishika desturi hiyo bila kuiacha. Joel Spolsky wa New York alianza kuandika kwenye tovuti yake mwaka 2000, Jeff Atwood akaanza yake mwaka 2004, na mwaka 2008 wawili hao wakaanzisha Stack Overflow, ambako kizazi kizima cha waandika programu kilijifunza kuuliza na kujibu. Simon Willison, mmoja wa waasisi wa Django, mfumo wa kujengea tovuti, ameandika blogu tangu 2002. Septemba 2022 ni yeye aliyelipa jina, kwenye blogu hiyohiyo, tatizo la kuipenyezea akili mnemba maagizo ya hila, na leo wataalamu wa usalama wanalitumia jina hilo kila mahali. Julia Evans wa Kanada amejipatia wasomaji wengi kwa kueleza mambo ambayo yeye mwenyewe ndiyo kwanza ameyaelewa. Huyo ndiye wa kuigwa na kijana anayesema hana cha kuandika kwa sababu bado si mtaalamu.

Kwetu je? Fundi wa Dar es Salaam anahangaika usiku kuunganisha duka la mtandaoni na malipo ya simu. Majibu ya mfumo hayarudi, nyaraka hazisemi kwa nini. Alfajiri anapata ufumbuzi, anauandika kwenye kundi la WhatsApp, anapongezwa kwa vidole gumba. Hadi jioni ujumbe wake umeshafunikwa na salamu, mchango wa harusi na mabishano ya Simba na Yanga. Mwezi ujao mwingine atauliza swali lilelile, na injini za utafutaji hazitamsaidia, kwa kuwa haziingii ndani ya makundi hayo. Ujuzi upo, tena mwingi, ila umefungiwa chumbani.

Gharama si kisingizio kikubwa. GitHub imekuwa ikitoa nafasi ya bure ya kuweka tovuti nyepesi tangu 2008, na ukurasa wa maandishi matupu hula bando kidogo kuliko picha moja ya simu. Mwenye jina lake la kikoa anaweza kuhamisha mafaili yake akatoka seva moja kwenda nyingine bila kumpoteza msomaji. Waliojenga kurasa zao kwenye GeoCities hawakuwa na uhuru huo: Yahoo iliinunua mwaka 1999 na kuifunga Oktoba 2009, na kurasa nyingi zilinusurika tu kwa juhudi za watu wa kujitolea.

Hata hivyo, kuwalaumu vijana kwa uvivu ni kuwaonea. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwawekea wenye blogu ada zilizojumlika takriban shilingi milioni mbili. Zimerekebishwa baadaye, lakini aliyekuwa mwanafunzi wakati ule alijifunza mapema kwamba kuandika hadharani kunaweza kumgharimu. Mdhibiti anayetaka uchumi wa kidijitali angefanya vyema kutamka wazi kwamba daftari la fundi mtandaoni si chombo cha habari.

Vyuo navyo vina nafasi yao. Kila mwaka wanafunzi wa kompyuta, Dodoma na Juja kwa mfano, huandika ripoti za miradi yao, na nyingi huishia rafuni. Badala yake kila mmoja aanzishe tovuti yake muhula wa kwanza, aandike humo alichokwama nacho na alivyokwamuka, na asahihishwe kwa tovuti hiyo. Sehemu yake iwe kwa Kiswahili. Ndesanjo Macha aliandika blogu ya Jikomboe kwa lugha hii wakati ambapo blogu zenyewe zilikuwa ngeni, kwa hiyo hoja kwamba Kiswahili hakiwezi haina miguu. Kiingereza kitamsaidia mhitimu kupata mwajiri wa nje. Kiswahili kitamsaidia kijana wa chuo cha ufundi cha VETA ambaye ujumbe wa kosa kwenye kioo chake leo hana pa kuuelewea.