Oili ya Pikipiki: Hesabu Kilomita, Hesabu na Miezi

Juma hili tuzungumze juu ya jambo ambalo vijana wengi hulipuuza mpaka siku injini inapogoma: kubadilisha oili ya pikipiki.

Tuseme kuna ndugu wawili huko Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Mkubwa ni mwendeshaji wa bodaboda. Mdogo yuko chuoni, na ana ile pikipiki ya mbio iliyoinama mbele kama swara anayetaka kuruka. Ni nani kati yao anayepaswa kuihofia zaidi oili yake? Utasema ni mwenye bodaboda. Hiyo ni nusu tu ya jibu.

Mkubwa akienda kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa juma, hutimiza kilomita 600. Injini yake ni ndogo, oili ni kama lita moja tu, na kutwa hubeba mizigo katika vumbi. Akibadilisha kila kilomita 2,000, atamwona fundi kila baada ya majuma matatu hivi. Asilalamikie gharama, kwani injini hiyo ndiyo karo ya watoto wake.

Kitabu cha pikipiki ya mdogo huenda kikasema kilomita 6,000 au hata 10,000, kulingana na aina. Lakini yeye huenda kilomita 50 tu kwa juma, yaani 2,600 kwa mwaka. Akiingojea mita, oili itakaa humo miaka miwili na zaidi. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Katika safari fupi ya kwenda mjini, injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli vinavyoingia katika oili. Uchafu huo hubaki ukila vyuma polepole. Basi yeye ahesabu miezi: walau mara moja kwa mwaka abadilishe oili na chujio, hata kama mita haijasogea.

Pia, usishawishike kutia oili yoyote ya gari iliyobaki nyumbani. Katika pikipiki nyingi za gia, oili ile ile hulainisha injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, nayo huifanya klachi iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2. Hebu fikiria klachi ikiteleza huku unalipita lori! Na oili ikiisha kabisa, injini inaweza kushika na gurudumu la nyuma likafunga ghafla. Hapo si suala la fedha tena, ni la uhai.

Oili chafu nayo usiimwage karibu na kisima. Itie mtunguni, umpelekee fundi anayeikusanya.

Leo hii andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha karatasi, ukibandike chini ya kiti. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa injini hujengwa kwa pesa nyingi.

Tukutane Jumapili ijayo.