MCHEZAJI MKONGWE NA SHERIA YA MISHAHARA

Wapenzi wa mpira wa kikapu ni wengi hapa shuleni, na ubishi wao juu ya ligi ya NBA ya Marekani hauna mwisho. Mchezaji wa siku nyingi akihama, wengine husema ana tamaa ya fedha, wengine husema klabu yake haina shukrani. Mimi naona kwamba mara nyingi kosa ni la sheria, nayo yafaa irekebishwe.

Tangu msimu wa 1984-85 ligi hiyo imeweka kikomo cha jumla ya mishahara katika kila klabu. Mwanzo kilikuwa dola milioni 3.6, msimu wa 2024-25 kilizidi dola milioni 140. Shabaha yake ni njema, kwamba klabu tajiri zisiwanyakue hodari wote. Tena waliotunga sheria waliacha mlango. Klabu yaweza kukivuka kikomo ili imbakize mchezaji wake mwenyewe, mradi awe amemaliza misimu 3 bila kuachwa wala kujiendea kwingine mkataba ulipokwisha. Mlango huo huitwa kwa jina la Larry Bird, nyota wa Boston.

Siku hizi mlango umebanwa. Mapatano ya 2023 yaliweka mstari mwingine juu kabisa, na klabu ikiuvuka, mbali na kodi nzito, hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili ibadilishane nao kwa mmoja, wala kutoa fedha taslimu katika mabadilishano. Kwa hiyo hata tajiri husita kumlipa mkongwe, maana aogopa kufungwa mikono.

Mtazameni Klay Thompson. Aliingia Golden State mwaka 2011, akatwaa nayo ubingwa mara 4. Msimu wa 2023-24 klabu ilikuwa imeuvuka mstari ule. Julai 2024 yeye akaenda Dallas kwa mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 50. Sisemi sheria peke yake ndiyo iliyomtoa, kwani majeraha yalikwisha kumla misimu 2 mizima. Lakini mzigo wa hesabu ulikuwapo.

Wako wasemao mkongwe na akubali kidogo, kama Dirk Nowitzki wa Dallas, ambaye mwaka 2014 alishuka kutoka dola zaidi ya milioni 22 kwa msimu hadi kama milioni 25 kwa misimu 3. Ungwana mkubwa! Walakini si haki kuudai kwa kila mtu, hasa kwa yule ambaye hajawahi kuziona milioni hizo.

Dawa imo katika sheria yenyewe. Mkongwe akitia sahihi mkataba wa mwaka mmoja kwa mshahara wa chini kabisa, klabu huhesabiwa kiasi cha mchezaji wa miaka 2 tu, na ligi hulipa kilichozidi, ili wazee wasiachwe kwa kuwa vijana ni rahisi. Basi rai yangu ni hii: aliyetumikia klabu moja misimu 10 alipwe mshahara kamili, lakini katika mstari wa juu ahesabiwe nusu.

Atakayesema matajiri watafanya hila, namjibu kwamba misimu 10 hainunuliwi sokoni. Tim Duncan alikaa misimu 19 San Antonio, klabu isiyo na utajiri wa New York wala Los Angeles.