Kompyuta zisizosikilizana zinamchelewesha mkulima

Mkulima wa korosho wa Masasi anapofikisha mzigo kwenye chama cha msingi, safari ya fedha zake ndiyo kwanza inaanza. Karani anaandika jina, kilo na daraja. Ghala nalo linaandika. Chama kikuu kinaandika tena kwa ajili ya mnada. Mwisho orodha ya malipo inakwenda benki na kuingizwa upya. "Saidi Hamisi" wa chama anakuwa "Said Hamis" wa benki, malipo yanakwama, na mzee wa watu anaanza kufuatilia haki yake huku ada za shule zikimsubiri.

Kompyuta siku hizi zipo. Tatizo ni kwamba kila ofisi ina programu yake, na programu hizo hazielewani.

Wapo wanaoshauri inunuliwe programu moja kubwa ya wote. Sikubaliani nao. Kazi ya ghala si kazi ya benki, na ukimtegemea muuzaji mmoja, siku akipandisha bei huna pa kwenda. Kuunganisha kila mfumo na kila mwenzake nako ni gharama: mifumo 6 inahitaji njia 15, na mifumo 10 inahitaji njia 45.

Nafuu ni kuwa na programu ya kati, mfano wa stendi ya mabasi. Inapokea taarifa kutoka kila upande na kuzipeleka zinakohitajika. Mifumo 6, njia 6 tu.

Jambo hili si geni kwetu. Huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, kumtumia fedha mteja wa mtandao mwingine ilikuwa taabu. Mwaka 2014 kampuni zilianza kuungana kwa makubaliano baina yao. Baadaye Benki Kuu ikajenga TIPS, kitovu kinachounganisha benki na kampuni za simu.

Lakini stendi bila ratiba ni vurugu. Kwanza tukubaliane viwango: mkulima atambulike kwa namba moja kila mahali, daraja la korosho liandikwe kwa namna moja, uzito uwe wa kilo na si magunia. Namba zipo. Kuna ya kitambulisho cha Taifa, na waliojiandikisha kupata mbolea ya ruzuku kuanzia msimu wa 2022/23 walipewa yao. Kwa nini kila daftari lianzishe nyingine?

Hivyo basi, chama chako kinapotaka kununua programu, uliza maswali matatu kwenye mkutano mkuu. Je, inaweza kupokea na kutoa taarifa kwa viwango vinavyotumiwa na wengine? Mkataba ukivunjika, taarifa zetu tunaondoka nazo? Nani ataruhusiwa kuziona, ukizingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, yasibaki mdomoni mwa muuzaji.

Tusijidanganye pia. Programu ya kati haisahihishi mizani iliyochezewa. Kilo za uongo zitafika benki haraka zaidi. Mizani ya haki na daftari safi vitangulie.

Mkulima amekwisha kusubiri mvua, akasubiri mavuno, akasubiri mnada. Si haki asubiri tena jina lake liandikwe mara ya nne.