Kuuza smokie ni tajriba, iandike

Wasee wa Juja, hebu tuongee kuhusu CV.

Juzi nilikuwa saiba moja hapa Gate C. Jamaa anafungua faili, anafuta jina la mtu, anaandika la mwingine, anaprinti. Watatu mbele yangu kwa laini, wote "mchapakazi anayeweza kufanya kazi chini ya presha". Sasa zikifika meza moja?

Najua tulikotoa hii. High school, kwa insha ya Kiswahili, wasifukazi ulikuwa na muundo: jina, dini, hali ya ndoa, nambari ya kitambulisho, elimu, uraibu, warejelewa. Ukiufuata, unapata alama. Lakini mwajiri hagawi alama. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya dini au ndoa. Mbona basi unampatia mtu hiyo sababu mwenyewe, tena juu kabisa? Na nambari ya ID kwa karatasi itakayopita mikono ya watu huwajui, mimi hapana.

Na usikimbilie kulipia cheti cha tabia njema na cha HELB ndio utume. Tangu 2022 sheria ya ajira inasema mwajiri aitishe hizo akishaamua kukupatia kazi.

Kinachoniuma ni tunachoacha nje. Beshte yangu amemaliza diploma ya biashara. Miaka mitatu ameuza smokie na mayai jioni, akajilipia rent nayo. CV yake: "Tajriba: hakuna." Hakuna?! Tuliketi tukaandika upya: anaendesha biashara ya chakula, ananunua stoki, anaweka rekodi ya keshi na M-Pesa kila siku, amefunza msaidizi mmoja. Uongo ni wapi hapo? Uongo ulikuwa kwa uraibu, "kuogelea". Hajui kuogelea.

(Kama unaomba masomo ya juu au kazi ya utafiti, hiyo ni CV tofauti. Weka mada ya mradi wako, aliyekusimamia na vifaa vya maabara unavyojua kutumia. Ikienda kurasa tatu, sawa.)

Kuna atakayesema CV haishindi mjomba aliye ndani ya ofisi. Ni kweli, na inakasirisha. Lakini si kila ofisi ina mjomba.

Beshte aliitwa intavyuu wiki jana. Jibu bado. Swali la kwanza lilikuwa: "Mayai yakivunjika, hiyo hasara unaiandika wapi?" Aliongea dakika kumi.