Kifuniko cha Tangi Si Jambo Dogo

Wanachama wa Chama cha Sayansi watakumbuka mjadala wetu wa muhula uliopita, siku ile mwalimu alipotuletea kitabu chenye picha za ndege ambazo watu hujiundia nyumbani kwao, katika banda la motokaa au ghala ya shamba. Kila mmoja wetu aliulizwa angetunza sehemu gani kuliko zote kama angejiundia ndege yake. Wengine walitaja mabawa, wengine injini, na mmoja alitaja kiti cha rubani, kwa kuwa ndipo atakapokaa yeye. Nami nikasema, "Kifuniko cha tangi la petroli, na waya wa kuunga tangi hilo na ardhi." Chumba kizima kilicheka, na tangu siku ile naitwa Bwana Kifuniko hata na wadogo wa Kidato cha I. Jina silichukii. Lakini hoja yangu haikusikilizwa, maana kengele ya chakula ililia, na mbele ya kengele ya chakula hakuna hoja.

Basi naieleza hapa, mahali pasipo kengele.

Watu wanaojiundia ndege ni wengi kuliko tunavyodhani, hasa Marekani. Chama chao kiitwacho Experimental Aircraft Association kilianzishwa katika jimbo la Wisconsin mwaka 1953, na tangu mwaka 1970 mkutano wao mkubwa hufanyika katika mji wa Oshkosh. Sheria ya huko yataka sehemu iliyo kubwa ya kazi iwe imefanywa na watu walioifanya kwa kujifunza au kwa kujifurahisha tu. Wengine hununua vipande vilivyokwisha kukatwa, wengine huanza na ramani na mbao na gundi. Ndege hukaguliwa kabla haijaruhusiwa kuruka, lakini mkaguzi hakai na mjenzi kwa miaka yote ya ujenzi. Katika ndege ya kiwandani, kifuniko cha tangi kimefikiriwa na mchoraji, kikapimwa na mwingine, kikalalamikiwa na marubani wa miaka mingi, hata kikatengenezwa upya. Katika ndege ya nyumbani kimefikiriwa na mtu mmoja, usiku, akiwa amechoka, huku akili yake yote ikiwa kwenye bawa. Hapo ndipo shaka yangu inapoanzia.

Nitatoa mfano ambao si wa kifuniko lakini ni ndugu yake. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver wa Marekani alikufa alipoanguka na ndege ya aina ya Long-EZ katika ghuba ya Monterey, California. Ndege hiyo hakuiunda yeye, aliinunua. Long-EZ ilibuniwa na Burt Rutan, na katika ramani zake vali ya kuchagua tangi la kulia au la kushoto imewekwa mbele ya rubani, kati ya miguu yake. Aliyeijenga ndege ile hakutaka petroli ipite ndani ya chumba cha rubani, kwa hiyo aliihamisha vali akaiweka nyuma ya bega la kushoto. Nia ilikuwa njema, ni hofu ya moto. Lakini rubani alilazimika kujipinda ili aifikie, na vipimo vya petroli navyo vilikuwa nyuma yake, visivyo na alama. Siku ile Denver aliulizwa kama angetaka kuongezewa petroli, akasema hapana. Bodi ya Marekani ichunguzayo ajali ilitaja mambo hayo yote: petroli kidogo, vipimo visivyo na alama, mkono wa vali usiofikika, na rubani aliyekanyaga usukani wa mguu bila kukusudia alipokuwa akijipinda. Mabawa ya ndege ile hayakuwa na kosa. Wenzangu mliotaja mabawa, nawaomba msome habari hiyo mara mbili.

Sasa tuje kwenye kifuniko chenyewe. Katika ndege nyingi ndogo tangi limo ndani ya bawa, na kifuniko kiko juu yake. Juu ya bawa ndipo hasa msukumo wa hewa unapopungua ndege iendapo, na kwa ajili hiyo bawa huinuka. Hewa haichagui: nguvu ile ile inayoliinua bawa hukivuta na kifuniko. Kama hakikukazwa, au kama mpira wake umekauka na kupasuka, petroli hufyonzwa nje na kutawanyika nyuma kama ukungu. Rubani ambaye mabawa yako juu ya kichwa chake hawezi hata kuiona ikitoka. Anaweza kuondoka na petroli ya saa nne akapata ya saa mbili.

Katika Long-EZ na ndege za jamii yake pana jambo jingine, maana injini na rafadha ziko nyuma. Kifuniko kikichomoka hakina njia ila kurudi nyuma, na huko kuna rafadha izungukayo zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Kitu kidogo cha chuma kikigonga ubao wa rafadha kwa mwendo huo, kinaweza kuuvunja. Ndiyo maana wajenzi wenye busara hukifunga kifuniko kwa kamba fupi. Kamba haizuii petroli kumwagika, lakini huzuia ajali moja isizae ya pili. Bei yake haifiki hata ya daftari.

Kifuniko kina kazi nyingine ambazo sitazieleza kwa urefu. Sharti kizuie mvua, maana maji ni mazito kuliko petroli, huzama chini ya tangi na kutangulia kuingia katika bomba la injini. Kwa hiyo rubani hufungua kilango cha chini kabisa kabla ya kuruka akatoa petroli kidogo aitazame. Tena, tangi lililofungwa vizuri lazima lipate hewa kwa tundu lingine, la sivyo injini itakosa petroli na huku tangi limejaa. Tundu hilo hupendwa sana na nyigu wajengao kwa udongo. Mtu aweza kutumia miaka saba kujenga ndege, na mdudu akaishinda kwa asubuhi moja.

Naja sasa kwenye waya, na hapa ndipo kicheko kilipokuwa kikubwa zaidi. Sote tumesugua kalamu ya plastiki kwenye nywele ikaokota vipande vya karatasi. Umeme ule haukimbii katika waya, umetuama tu mahali pake ukingoja njia. Petroli nayo hufanya vivyo hivyo: inapopita kwa kasi katika mpira na katika kichujio huokota umeme, na kuubeba mpaka ndani ya tangi. Ndege imesimama juu ya magurudumu ya mpira, mjazaji amevaa viatu vyenye soli ya mpira, na kila mmoja ana umeme wake mbali na mwenziwe. Wakikaribiana, cheche huruka.

Je, cheche hiyo yatosha? Mwalimu wa Fizikia alinisaidia kukokotoa. Mwili wa mtu ni kama kapasita ya pikofaradi 100 au zaidi. Cheche ambayo mtu huanza kuihisi, kama mchomo wa mwiba kidoleni, hutokea katika volti 3,000 hivi. Ukipiga hesabu utapata karibu nusu ya milijuli. Mvuke wa petroli, ukichanganyika na hewa kwa kadiri ifaayo, huwashwa na robo ya milijuli hivi. Mchomo wa mwiba unatosha karibu maradufu! Na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, sembuse huku kwetu.

Hapa kifuniko na waya vyakutana. Ndani ya tangi mvuke mara nyingi umezidi mno, hata hauwezi kuwaka kwa kukosa hewa. Lakini mdomoni, pale kifuniko kilipoondolewa, mvuke hukutana na hewa na kadiri hutimia. Na mdomoni ndipo ulipo mkono wa mtu, na chuma cha kujazia.

Dawa yake ni waya, nao una utaratibu. Huungwa kabla kifuniko hakijafunguliwa, na huondolewa baada ya kifuniko kufungwa, ili kama kuna cheche ya kuunga au kuondoa, iruke mbali na mvuke. Hushikizwa kwenye chuma kitupu kisicho na rangi, wala si kwenye rafadha. Tena wengi hudhani kuunga ndege na ardhi kwatosha. Hakutoshi. Kilicho cha maana zaidi ni kuunga ndege na kile kinachoijaza, iwe gari la petroli au pipa na pampu yake, ili vyote viwe na hali moja ya umeme, pasiwe na sababu ya cheche kuruka kati yao. Jambo hili linatuhusu hata sisi wa Afrika ya Mashariki, ambako ndege ndogo nyingi zimejazwa petroli kutoka katika mapipa kwenye viwanja vya vumbi.

Katika ndege ya bati jambo hili ni rahisi, maana umeme hupita popote katika mwili wake. Lakini ndege nyingi za nyumbani, Long-EZ ikiwemo, zimejengwa kwa nyuzi za kioo na gundi, nazo hazipitishi umeme. Pete ya chuma inayoshika kifuniko huwa kama kisiwa: umeme waingia, hauna pa kutokea. Mjenzi asipolaza waya ndani ya bawa tangu pete hiyo mpaka mahali pa kuungia, basi baadaye aunge ndege kwa waya mnene kama mkono, haitasaidia. Waya huo hulazwa kabla bawa halijafungwa. Akiusahau siku hiyo, kuurudia ni kazi ya kupasua.

Mwenzangu mmoja wa pwani aliniambia, "Mbona petroli hujazwa kila siku na hakuna moto?" Ni kweli, tena yeye hutoka mahali ambapo hewa ina unyevu, na unyevu husaidia umeme kupotea. Mimi natoka Dodoma. Wakati wa kiangazi, upepo ukivuma, nikivua sweta usiku nasikia lialia kama moshi wa kuni mbichi. Na wakati wa kiangazi ndipo mjomba wangu anapomwagilia bustani kwa pampu ya petroli.

Miaka miwili iliyopita alikuwa akijaza pampu hiyo kwa dumu la plastiki na faneli ya plastiki, nami nimesimama hatua nne hivi nimeshika mpira wa maji. Injini ilikuwa imezimwa tangu alfajiri. Hapakuwa na mvuta sigara. Nilisikia sauti kama mtu apulizaye mshumaa, nikaona moto wa buluu mdomoni mwa tangi, kisha mkononi mwa mjomba. Alilitupa dumu, tukauzima kwa mchanga. Mkono ulipona kwa wiki sita, na kovu lipo. Watu walisema ni jua. Mimi siwezi kuapa kwamba ulikuwa umeme uliotuama, kwa kuwa sikuuona, lakini jua silo, maana jua lilikuwepo jana yake na juzi yake.

Naam, sasa mwajua kwa nini nilisema kifuniko. Malalamiko yangu si juu ya wajenzi wa ndege tu, ambao wengi wao ni waangalifu kuliko sisi. Yako juu ya masomo yetu. Tumefundishwa kalamu na karatasi katika Kidato cha II, tukacheka, tukafunga daftari. Hakuna aliyetuambia kwamba jambo lile lile liko katika dumu. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani ya usalama kazini ilitoa onyo kwamba makopo ya petroli yasijazwe yakiwa juu ya plastiki au zulia katika gari, bali yateremshwe chini kwanza. Ni sentensi moja tu, ingeweza kukaa ubaoni. Vituo vya petroli hubandika picha ya simu iliyopigwa mstari mwekundu, na hapohapo mtu mwenye shati la nailoni hushuka kitini na kushika mpira wa kujazia bila kugusa chuma kwanza.

Nimemwomba Mwenyekiti wa Chama tufanye onyesho siku ya wazazi: pete ya chuma juu ya kipande cha nyuzi za kioo, mara moja bila waya, mara moja na waya, bila petroli yoyote, Mwalimu Mkuu asiwe na hofu. Amesema atafikiri. Mjomba naye amenunua faneli ya bati, na huigusisha tangi kabla ya kumimina. Dumu bado ni lile lile la plastiki.