Debe la mpunga litajwe kwa kilo

Bei ya mpunga katika bonde la Kilombero hutajwa kwa gunia, gunia huhesabiwa kwa madebe, na debe mara nyingi hujazwa na mnunuzi. Kwa hiyo bei inayosikika Chita, Mlimba au Ifakara haimwambii mfanyabiashara mengi mpaka ajue ni debe gani limetumika na limejazwa vipi.

Debe lilianza kama bati la mafuta ya taa la galoni 4, yaani lita 18 hivi. Ndoo ya plastiki ya lita 20 nayo huitwa debe. Jina ni moja, ujazo ni wa aina mbili, na juu yake kuna kilele. Wazee wa pwani walikuwa waangalifu zaidi. Walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, na kibaba cha tele, kilichorundikwa. Vibaba 4 vilifanya pishi moja. Muuzaji alijua anauza kipi kabla ya kutaja bei. Kwenye mpunga, mara nyingi kilele huonekana bei ikiwa imekwisha kukubaliwa.

Hesabu yake si ndogo. Debe la lita 20 la mpunga mkavu, likifutwa, huwa na kilo 11 na nusu hivi; madebe 6 ni kilo 69. Ikiwa kilele kitaongeza kilo 1 na nusu kwa kila debe, gunia litaongezeka kilo 9. Kwa magunia 100, ni kilo 900 zisizolipiwa. Anayeumia zaidi ni mkulima aliyekopa fedha za palizi kwa ahadi ya kulipa magunia baada ya mavuno, kwani anayemdai ndiye anayekuja na debe.

Wapo wafanyabiashara wanaoona kwamba hiyo ni faida yao. Si faida ya kutegemewa. Debe hupima nafasi tu. Halitofautishi mpunga uliojaa na mapepe. Mkulima aliyechoshwa na kilele hana sababu ya kupepeta vizuri. Anayenunua kwa debe Chita na kuuza mchele kwa kilo Dar es Salaam hajui gharama yake halisi mpaka mpunga utoke mashineni.

Wamarekani walikuwa na tatizo hilo hilo. Busheli yao ilikuwa chombo cha lita 35 hivi. Hawakulifuta jina, bali waliipa kila nafaka uzito wake: busheli ya mpunga ratili 45, ya mahindi 56, ya ngano 60. Hata leo mkataba mmoja wa mahindi katika soko la Chicago ni wa busheli 5,000, na kila mnunuzi anajua ni kilo ngapi bila kuona chombo.

Nchini, Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umepambana na lumbesa kwa miaka mingi, na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilifungua njia ya mazao yaliyo ghalani kuwa dhamana ya mkopo. Stakabadhi huandikwa kwa uzito na daraja la ubora. Mwenye hesabu ya madebe tu hana cha kumwonyesha mtu wa benki.

Wanaopinga husema mizani nayo huchezewa. Ni kweli, lakini mizani hukaguliwa na kupigwa muhuri. Kilele cha debe hakina muhuri. Kwa upande mwingine, mizani peke yake haitoshi. Mpunga hutoka shambani mara nyingi ukiwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi, na ghalani unatakiwa uwe 14. Kilo 100 za unyevu wa 20 zikikauka hadi 14 hubaki kilo 93. Mwekezaji mdogo anayengoja bei ipande aitoe kwanza tofauti hiyo.

Debe halina haja ya kutupwa. Ni rahisi, na mkulima huliona kwa macho yake. Lifutwe mdomoni, magunia machache ya kila shehena yapimwe mbele ya pande zote mbili, na deni la magunia liandikwe kwa kilo siku ya kukopa. Mnunuzi atakayekubali hayo atalipa zaidi kidogo kwa gunia, lakini atajua amenunua nini.